Leseni ni ya Duka, Utapeli Uko Njiani

Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali, yaani kripto, sarafu za mtandaoni kama bitcoin, nchini Kenya, na tarehe 4 Novemba sheria hiyo ikaanza kutumika. Haikupita wiki, ujumbe ukaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kripto sasa ni halali, serikali imekubali, ingieni bila hofu. Mimi nilitumiwa na watu watatu wasiojuana, na wawili kati yao hawaishi Kenya, wako upande huu wa Tanzania ambako sheria ile haina nguvu hata kidogo. Naamini wote watatu waliusambaza kwa nia njema. Lakini wameielewa sheria vibaya, na kosa lao ni la aina ambayo tapeli huisubiri kwa hamu. Sheria hiyo imetungwa kumlinda mteja dhidi ya duka, yaani kampuni inayomuuzia au kumhifadhia kripto: mwenye duka asile amana, asichanganye fedha za wateja na zake, asifunge milango usiku na kutoweka. Utapeli mwingi unaomliza mtu wa kawaida wa huku kwetu hautokei ndani ya duka. Humkuta njiani, kabla hajaingia, au mlangoni wakati anatoka. Anayeichukua leseni kuwa kinga yake amepewa mwavuli akaambiwa avukie mto.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu ina mazuri yake na sitaki kuyafunika. Imegawa kazi kati ya Benki Kuu ya Kenya, inayoangalia zaidi upande wa malipo na pochi za kuhifadhia, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayoangalia masoko ambako watu hununua na kuuza sarafu hizi. Anayetaka kuendesha biashara hiyo lazima aombe leseni. Hapo ndipo wasambazaji wa ujumbe wamekosea kwanza. Sheria kuanza kutumika hakumaanishi kwamba kuna mtu ameruhusiwa. Mwezi huo huo wa Novemba taasisi hizo mbili zilitoa tangazo la pamoja kwamba hazijampa mtoa huduma yeyote leseni chini ya sheria mpya, na kwamba anayedai kuwa nayo anadanganya umma. Tangazo hilo halikuzunguka kwenye makundi. Habari njema hupanda bodaboda, tahadhari huja kwa miguu.

Haja ya kulidhibiti duka ni ya kweli. Mwaka 2014 soko la Mt. Gox lililokuwa Tokyo lilianguka baada ya kutoweka kwa bitcoin zipatazo 850,000. Novemba 2022 ikawa zamu ya FTX, soko la kripto lililotangazwa na wachezaji mashuhuri na kuandikwa kwenye viwanja vya michezo. Fedha za wateja zilikuwa zimechotwa na kampuni dada, na Machi 2024 mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Ndani ya mkasa huo huo kuna jambo ambalo wapinzani wa sheria hupenda kulipita haraka. Tawi la FTX la Japan lilikuwa chini ya sheria inayolazimisha fedha za wateja zitengwe. Februari 2023, wakati wateja wa kwingine wangali kwenye foleni ya mufilisi, wa Japan walianza kutoa fedha zao. Kampuni ni ile ile na anguko ni lile lile, ila sheria ilikuwa tofauti. Kwa hiyo anayesema sheria hizi ni karatasi tupu hajatazama Japan.

Ila tutazame na Nigeria. Mwishoni mwa Machi 2025 nchi hiyo ilipata sheria mpya ya uwekezaji na hisa inayozitambua mali za kidijitali na kuziweka chini ya mdhibiti. Wiki chache baadaye, katikati ya Aprili, jukwaa lililojiita CBEX lilifungia watu fedha zao. Lilikuwa na sura ya soko la kripto, lenye chati zinazopanda na kushuka na salio linalokua kila siku, likiahidi kuzidisha fedha mara mbili ndani ya siku thelathini kwa biashara inayofanywa na akili bandia. Watu walipotaka kutoa, waliambiwa waongeze kwanza dola 100, au 200 kwa mwenye salio kubwa, ili akaunti zao zihakikiwe. Wapo waliolipa. Huko Ibadan wenye hasira waliivamia ofisi na kubeba walichokikuta. Sheria mpya haikuwa na la kufanya hapo, kwa kuwa CBEX haikuwa duka lililovunja masharti ya leseni. Ilikuwa picha ya duka iliyochorwa ukutani.

Hilo la picha ningependa tulikalie, maana ndilo moyo wa jambo. Mtu aliyezoea simu ya benki au M-Pesa amejifunza kwa miaka kwamba namba anayoiona kwenye kioo ni fedha. Tarakimu ikisema 50,000, basi kuna 50,000 mahali fulani, na kuna taasisi itakayoulizwa zisipopatikana. Mazoea hayo ni mazuri na yamejengwa kwa haki, lakini kwenye tovuti ya tapeli hayana msingi wowote. Namba iliyo pale imeandikwa na fundi wa tovuti kama mimi ninavyoandika namba kwenye makala hii. Inaweza kupanda kila asubuhi bila senti moja kusogea popote duniani. Wala si watu wa kawaida tu wanaopotoshwa na kioo. Tarehe 21 Februari 2025 soko kubwa la Bybit liliibiwa sarafu za ether zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5, wizi ambao FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliuhusisha na Korea Kaskazini. Wezi walikuwa wamechezea mfumo wa kuidhinisha miamala, hata wakubwa wa Bybit wakaona kwenye skrini zao muamala wa kawaida huku wakiidhinisha mwingine kabisa. Ikiwa hayo yamewapata waliofanya kazi hiyo kuwa taaluma, tusimlaumu mwalimu wa Tanga kwa kuamini alichokiona.

Sikumtaja mwalimu wa Tanga kwa bahati. Ni mtoto wa shangazi yangu. Alinitumia picha ya skrini yenye salio la dola 4,200 na ujumbe mfupi: "Kaka, naomba uniazime dola 300, nikilipa kodi wananifungulia, kesho kutwa nakurudishia." Fedha alizokuwa ameweka mwenyewe, kwa awamu, zilipita kidogo dola 900. Alikuwa na hoja moja aliyoishika kwa nguvu zote, na ni hoja ya mtu mwenye akili timamu: mwezi wa kwanza alijaribu kutoa dola 40 na zikaingia kwenye simu yake siku hiyo hiyo. Alikuwa amefuata ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba jaribu kutoa kidogo kwanza. Ushauri huo umepitwa na wakati. Tapeli naye ameusikia, na kwake dola 40 ni chambo cha bei nafuu. Kinachofaa kuulizwa ni kama fedha zenyewe zipo mahali panapoonekana na mtu mwingine asiye na maslahi. Sarafu za kweli huacha alama kwenye daftari la umma linaloitwa blokcheni, na mtu yeyote anaweza kuichunguza namba ya muamala kwenye tovuti kama Tronscan au Etherscan bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Nilimwomba ndugu yangu anipe namba za miamala ya zile biashara zilizomletea faida. Hakuwa nayo hata moja. Alikuwa na picha za skrini.

Na hiyo kodi? Huu ndio uongo unaokua kwa kasi sasa, kwa sababu umepata nyenzo za kweli za kujishikiza. Kodi za kripto zipo, watu wamezisikia redioni. Tanzania, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilikuwa na kodi ya asilimia 3 pia, kisha mwaka 2025 ikaiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada zinazotozwa na watoa huduma. Tapeli huchukua maneno hayo, hubandika nembo ya mamlaka ya mapato, na kumwambia mtu: salio lako ni 4,200, lipa 300 ya kodi ndipo tufungue. Tazama zinavyofanya kazi kodi zenyewe. Kodi ya zuio, jina lake linasema, huzuiwa ndani ya malipo: anayekulipa hukata asilimia 3 na kukupa iliyobaki. Ushuru wa Kenya unakatwa kwenye ada ya soko. Katika zote mbili hakuna mahali mlipaji anapotakiwa kuleta fedha mpya kutoka mfukoni ili aruhusiwe kuzifikia zile alizonazo. Kama kweli pana dola 4,200, basi 300 imo humo humo. Mtu anayekataa kuikata humo na kudai uilete kutoka nje anakiri, bila kutamka, kwamba ndani hamna kitu. Nilipomweleza ndugu yangu hivyo alinyamaza muda mrefu kwenye simu.

Tuje mlangoni, kwenye kuingia na kutoka, maana huku kwetu kuna mazingira yetu ambayo makala nyingi za nje haziyafahamu. Mmarekani huunganisha akaunti ya benki na soko moja kwa moja. Wengi wetu hununua na kuuza USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, kwa njia ya P2P, yaani mtu kwa mtu, na fedha hupita kwenye laini za simu. Masoko makubwa yameweka kinga hapo: mtu anapouza, sarafu zake zinashikiliwa na soko kama amana hadi yeye mwenyewe athibitishe kwamba amelipwa. Kinga hiyo ni imara. Ndiyo maana karibu kila utapeli wa P2P unalenga kitu kimoja tu, yaani kumfanya muuzaji abonyeze kitufe cha kuthibitisha kwa hiari yake. Njia ya zamani ni ujumbe bandia wa malipo, ulioandikwa kwa mtindo ule ule wa M-Pesa mpaka na salio jipya, ukitumwa kutoka namba ya mtu binafsi. Anayeusoma ujumbe badala ya kuangalia salio lake kwenye menyu amekwisha. Njia nyingine ni mnunuzi kulipa kweli, kusubiri sarafu ziachiwe, kisha kuomba muamala urudishwe akidai alikosea namba. Nyingine tena ni kukutoa nje ya soko kwa upole: tukutane Telegram, ada za hapa ni kubwa, ghairi oda nikupe bei nzuri. Oda ikighairiwa, amana imefunguliwa, na hakuna wa kumlilia.

Hatari zaidi ya hizo ni ile ya pembetatu, na naieleza kirefu kwa sababu nimeona watu makini wakiingia humo. Kila Mtanzania anaujua ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii." Tulishaufanya mzaha. Sasa umekua, umepata kazi kubwa zaidi. Tapeli anatangaza simu au pikipiki Facebook kwa bei ya kuvutia. Anapatikana mnunuzi, tumwite wa kwanza. Wakati huo huo tapeli anafungua oda ya kununua USDT kwako wewe, kwenye soko halali, na unampa namba yako ya simu alipie. Namba hiyo anamtumia yule wa kwanza: mlipe mhasibu wangu hapa. Fedha zinaingia kwako, ni za kweli, kiasi ni kile kile. Unathibitisha. USDT zinakwenda kwa tapeli na haziwezi kurudi. Baada ya siku mbili yule aliyelipia pikipiki anakwenda polisi na namba iliyopokea fedha zake, nayo ni yako. Laini inafungiwa, unaitwa kituoni kueleza biashara ambayo afisa aliye mbele yako pengine hajawahi kuisikia. Hujaibiwa, umefanywa kuwa mwizi. Kinga yake ipo na ni rahisi: jina la aliyetuma fedha lazima lilingane na jina lililothibitishwa na soko kwenye akaunti ya mnunuzi. Likitofautiana hata kwa maelezo matamu, kwamba ni mke wangu, ni wakala, ni simu ya ofisi, usiachie sarafu. Fungua malalamiko ndani ya soko na uache wasimamizi waamue. Leseni ya aina yoyote, ya Nairobi au ya Tokyo, haiwezi kulifanya hilo kwa niaba yako.

Mengine nitayapitia kwa haraka kwa kuwa yameandikwa sana. Yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi hayaulizwi na mhudumu yeyote wa kweli, popote, kwa sababu yoyote. Anayeyataka anataka fedha zako. Uthibitisho wa hatua mbili ni bora uwe kwenye programu maalumu kuliko ujumbe mfupi, kwa kuwa laini ya simu inaweza kubadilishwa kwa mwizi. Ukinakili anwani ya kutumia sarafu, usiitoe kwenye orodha ya miamala iliyopita. Wezi hutuma visenti kutoka anwani inayofanana na ya rafiki yako mwanzo na mwisho, wakitegemea kwamba hutakagua katikati. Sarafu yenye jina USDT inaweza kutengenezwa na mtu yeyote kwa dakika chache, jina si uthibitisho. Kisichoigika ni anwani ya mkataba wake, yaani programu iliyoitoa sarafu, kwenye blokcheni. Na anayekupigia baada ya kuibiwa akidai ana uwezo wa kurudisha fedha zako kwa malipo kidogo ni ndugu wa aliyekuibia, mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Kuna wanaosema basi, mambo yakiwa hivi, tupige marufuku kabisa. Hoja hii naiheshimu. Inatoka kwa watu walioona DECI, upatu wa hapa Tanzania, ikikusanya "mbegu" za waumini hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake kutiwa hatiani mwaka 2013, na mapema mwaka 2025 wakaiona LBL, jukwaa la mtandaoni lililojiita Leo Beneath London, ikivuna watu kwa ahadi ya kulipwa kutazama matangazo ya filamu. Wanauliza kwa nini tuongeze mlango mwingine wa mchezo wa upatu. Tatizo ni kwamba marufuku tumekwisha kuijaribu katika ukanda huu na tunajua ilikotufikisha. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi. Benki Kuu ya Uganda mwaka 2022 ilizikataza kampuni za malipo kugeuza kripto kuwa fedha za simu. Nigeria iliyazuia mabenki mwaka 2021 na kulegeza mwishoni mwa 2023. Biashara haikufa popote. Ilihamia kwenye P2P na, mbaya zaidi, kwenye makundi ya Telegram pasipo na amana ya kukulinda. Na kuna jambo la kuchukiza zaidi: marufuku inamfunga mdomo aliyetapeliwa. Nani atakwenda kituoni kusema nimeibiwa nikifanya nilichokatazwa?

Upande wa pili wako wapenzi wa kripto wanaosema serikali ikae mbali, kila mtu ashike funguo zake mwenyewe, yaani siri zinazofungua pochi yake, kwisha. Wana haki kwa nusu. Aliyekuwa na bitcoin zake kwenye pochi yake binafsi Novemba 2022 hakuguswa na FTX. Lakini mtu yule yule lazima siku moja azigeuze shilingi alipe ada ya shule, na siku hiyo anarudi mlangoni, kwa muuzaji asiyemjua, kwenye laini ya simu. Funguo haziulizi jina la mtumaji.

Hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, kutoka barazani hadi redioni: kwamba wanaotapeliwa ni wenye tamaa, na dawa yake ni waache tamaa. Ina utamu wa methali na humwacha msemaji akijiona salama. Shan Hanes alikuwa mkurugenzi mkuu wa benki ya Heartland Tri-State huko Elkhart, Kansas, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutambua mikopo mibaya. Mwaka 2023 alihamisha dola milioni 47.1 za benki yake kwenda kwa matapeli wa kripto, akiambiwa kila mara kwamba kiasi kimoja tu zaidi kitafungua kilichozuiwa. Benki ilianguka Julai mwaka huo, naye mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 24. Hanes alifanya uhalifu na simtetei. Namtaja kwa sababu alinaswa na ndoano ile ile ya dola 300 za kodi, ikiwa imeongezwa sifuri. Ndoano hiyo haihitaji tamaa. Inahitaji mtu aliyekwisha kuweka kitu na anaogopa kukipoteza. Ni hofu ya hasara, na hiyo kila mwenye mtoto wa kusomesha anayo. Muuzaji wa USDT aliyeingizwa kwenye pembetatu naye alikuwa na tamaa gani? Alikuwa akiuza kitu chake kwa bei ya soko.

Tena anayekuandikia mtandaoni, akianza na maneno ya upendo na kuishia kukushawishi uwekeze, huenda yeye mwenyewe ni mateka. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake kuhusu matangazo ya kazi Thailand yanayoishia kwenye makambi ya utapeli ng'ambo ya mpaka, Myanmar, ambako vijana hunyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kuwatapeli wageni mtandaoni. Wakenya na Waganda wametolewa kwenye makambi hayo. Oktoba 2025 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuzishikilia bitcoin zaidi ya 127,000, zenye thamani ya dola bilioni 15 hivi wakati huo, katika kesi dhidi ya mkuu wa kundi la kampuni la Kambodia wanalodai liliendesha makambi ya namna hiyo. FBI ilipokea kwa mwaka 2024 peke yake malalamiko ya hasara ya dola bilioni 9.3 yanayohusu kripto. Hiki ni kiwanda, kina zamu, kina malengo ya mwezi na maandishi yaliyokaririwa. Kumwambia mjane wa Kisauni apambane na kiwanda kwa kuacha tamaa ni kumtupa.

Kama hatari iko njiani, basi ulinzi nao uhamie njiani. Kwa Kenya, orodha ya waliopewa leseni inapaswa kuwa mahali pamoja panapofikika hata kwa simu ya kitochi, kwa kubonyeza msimbo, kabla wauzaji hawajaanza kupaka nembo za mdhibiti kwenye mabango. Kampuni za simu na masoko ya P2P zina kila moja nusu ya habari, moja inajua jina la mtumaji na nyingine inajua jina la mnunuzi. Pembetatu inaishi kwenye ufa ulio katikati yao, na mdhibiti ndiye pekee anayeweza kuwaamuru wauzibe. Kwa Tanzania jambo ni la haraka zaidi. Tangu Julai 2024 tunatoza kodi kwenye biashara ambayo tangazo la 2019 lilisema hairuhusiwi. Mtu akilipa asilimia 3 ya serikali na kesho yake akatapeliwa, hakuna dirisha moja lililoandikwa jina lake.

Na dirisha hilo likifunguliwa, lazima mtu awahi. Fedha zilizotumwa kwa laini ya simu zinaweza kuzuiwa kama kampuni ikipigiwa kabla hazijatolewa kwa wakala. Hata USDT, ambazo watu husema hazishikiki, kampuni ya Tether inayozitoa inao uwezo wa kuzigandisha kwenye anwani fulani, na imefanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Lakini jambo hilo linahitaji namba ya muamala, ripoti ya polisi na mtu anayejua pa kuipeleka, vyote kabla sarafu hazijagawanywa kwenye pochi nyingine. Aliyetapeliwa asiyeona haya huenda akawahi. Mtoto wa shangazi yangu alizuiliwa kutoa fedha tarehe 3, akanitumia ile picha ya skrini tarehe 22. Nilipomuuliza siku kumi na tisa hizo alikuwa wapi, alisema alikuwa anaogopa nitamwambia ana tamaa.